Sentensi ya Kiingereza na Aina Zake: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutujia na istilahi tatu walizozikariri tangu shule ya sekondari: sentensi sahili, sentensi ambatano na sentensi changamano. Wakiulizwa maana yake hujibu bila kusita. Lakini wakipewa sentensi ya maneno sita waiainishe, hugawanyika makundi mawili au matatu, na kila kundi lina kitabu cha kulitetea. Ugomvi huu haukuanzia katika Kiswahili. Istilahi hizo ni tafsiri ya istilahi za sarufi ya Kiingereza, na kutoelewana kwa wanafunzi wetu ni mwangwi wa kutoelewana ambako wanasarufi wa Kiingereza wenyewe hawajakumaliza. Kwa hiyo nimeonelea yafaa tukirudie Kiingereza chenyewe, tutazame sentensi yake ni kitu gani, aina zake zilipatikanaje, na ni mahali gani panapomtatiza mtu aliyezoea kufikiri kwa Kiswahili.

Maana ya sentensi

Fasili iliyozoeleka yasema kwamba sentensi ni fungu la maneno lenye kueleza wazo kamili. Fasili hii ni kongwe. Wanasarufi wa Kiyunani walikuwa nayo. Priscian akaipokea kwa ajili ya Kilatini huko Constantinople katika karne ya 6. Na William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, mfereji wa fikra ulikuwa umekwisha kuchimbwa, kilichobaki ni kuyaelekeza maji. Kasoro yake haionekani mpaka uijaribu. Chukua sentensi "He did it then". Hakuna mwanasarufi atakayekataa kwamba hii ni sentensi, na hali msikilizaji hajui ni nani aliyetenda, alitenda nini, wala alitenda lini. Kinyume chake, maneno "the sudden death of the old king at dawn" yaleta picha timamu ya kifo cha ghafula cha mfalme mzee wakati wa alfajiri, lakini hayawi sentensi hata yakiandikiwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Basi ukamilifu wa wazo sio unaoitenga sentensi na fungu jingine la maneno.

Mmarekani Charles Fries, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya muundo wa Kiingereza, alilalamika kwamba mtafiti hukabiliwa na fasili zaidi ya 200 za sentensi. Yeye aliamua kuziweka kando, akasikiliza mazungumzo ya simu yaliyonaswa kwenye mashine, akatazama watu wanaanzaje kusema na wananyamaza wapi. Kabla yake, mwaka 1933, Leonard Bloomfield alikuwa amependekeza njia ya kimuundo: sentensi ni umbo la lugha linalojitegemea, yaani lisilofungwa na uhusiano wowote wa kisarufi ndani ya umbo kubwa zaidi. Maelezo haya ni makavu, lakini yana nguvu. "He came" ni sentensi likisimama peke yake. Likiingia katika "I know he came" maneno ni yale yale, maana ni ile ile, ila sasa limekuwa kiungo cha mwili mwingine, halihesabiwi tena kuwa sentensi bali kishazi. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, nusu ya safari ameimaliza.

Kwa upande wa umbo, sentensi ya kawaida ya Kiingereza hudai vitu viwili: kiima, na kitenzi chenye kuonyesha wakati. Dai la kiima ni kali mno. Mvua ikinyesha, Mwingereza hawezi kusema "Is raining". Hana budi kutia neno "it", ingawa neno hilo halimtaji mtu wala kitu chochote. Limewekwa kujaza nafasi tu, mithili ya mgeni anayeketishwa penye kiti kitupu ili karamu isionekane pungufu. Mswahili hana haja ya mgeni huyo. Asemapo "Nimekuona" ametamka neno moja, na ndani yake mna mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Ndiyo sababu kuhesabu maneno hakumsaidii mtu anayelinganisha sentensi za lugha hizi mbili.

Aina kwa muundo

Watu wengi hudhani kwamba utatu wa sahili, ambatano na changamano ni wa tangu na tangu. Sivyo. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilitawala shule za Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, alitambua aina mbili tu: sentensi yenye kiima kimoja na kitenzi kimoja, na sentensi iliyounganishwa kutokana na mbili au zaidi. Aina ya tatu ilipata nguvu katikati ya karne ya 19. Mjerumani Karl Ferdinand Becker alikuwa amechambua jinsi kishazi kimoja kinavyoweza kufanya kazi ya jina, ya kivumishi au ya kielezi ndani ya kishazi kingine, na mwaka 1852 Mwingereza J. D. Morell akauleta utaratibu huo katika shule za kwao. Tangu hapo uchanganuzi wa sentensi ukawa somo la mtihani, ukasafiri pamoja na vitabu kama vile vya Nesfield, vilivyotumika sana India, na mwishowe ukatia nanga kwetu. Nayasema haya si kwa kuudharau utaratibu wenyewe, bali msomaji apate kujua kwamba ulibuniwa na watu, kwa haja ya darasa.

Sentensi sahili ina kishazi kimoja: "The farmer sold his cow". Urefu hauna hoja. "The old farmer from the hills sold his only cow to a butcher in the market before sunset" bado ni sahili, kwa kuwa kitenzi chenye wakati ni kimoja. Sentensi ambatano ina vishazi viwili au zaidi vya cheo sawa, vilivyofungamanishwa na "and", "or" au "but". Sentensi changamano ina kishazi kikuu, na ndani yake au kando yake kishazi tegemezi kinacholetwa na maneno kama "because", "when", "if", "that" na "who". Aina ya nne, ambatano iliyo pia changamano, haituletei jambo jipya. Ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Mwanafunzi asiyejua kama kiunganishi fulani huunganisha vya cheo sawa au huleta kishazi tegemezi aweza kukijaribu kwa kukihamisha. "He stayed at home because he was ill" yaweza kugeuzwa, kishazi cha "because" kikatangulia, na sentensi ikabaki salama. "He was ill but he came" haigeuzwi hivyo. Ukianza na "but he came" ndipo ufuatishe "he was ill", umeharibu. Jaribio hili lafaa hata katika Kiswahili: "kwa sababu" yaweza kutangulia, "lakini" haiwezi.

Hadi hapo njia ni nyeupe. Utata waanza tunapofika kwenye sentensi kama hii: "Having finished his work, he went home". Je, ni sahili au changamano? Sarufi ya shule za zamani husema ni sahili, kwa kuwa "having finished" si kitenzi chenye wakati. Ni kirai tu. Lakini Randolph Quirk na wenzake watatu, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1972, waliyahesabu maneno hayo kuwa kishazi kisicho na wakati, na kwa hesabu yao sentensi nzima ni changamano. Hoja yao ni kwamba "having finished his work" kina yambwa yake, chaweza kupewa vielezi vyake, na mtenda wake aeleweka. Kimepungukiwa wakati tu. Mimi naona hoja hii ina uzito. Hata hivyo, mtahini aliyefunzwa kwa kitabu cha kwanza atamnyima alama mwanafunzi aliyefunzwa kwa cha pili, na mwanafunzi huyo hatajua alikosea wapi, kwa sababu hakukosea. Ningependa mtahini aandikapo swali la aina hii ataje kwanza kishazi amekifasili vipi.

Utata wa pili wahusu "He came and sat down". Vitenzi ni viwili, kiima kimetajwa mara moja. Wengine huita ambatano, wakidai kwamba kiima cha pili kimedondoshwa. Wengine huita sahili yenye kiarifa maradufu. Hapa Mswahili anashikwa pabaya zaidi, maana sisi twasema "Alikuja akaketi", na kila kitenzi kimebeba kiima chake. Hakuna kilichodondoshwa. Tena hakuna kiunganishi: kazi ya "and" imefanywa na kiambishi -ka- ndani ya kitenzi. Twaweza kuendelea "akala, akanywa, akaaga, akaenda zake" na sikio la Mswahili lisichoke. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, insha yangu ya kwanza ilirudishwa ikiwa imepigwa mistari myekundu kila ukurasa, na pembeni pameandikwa kwamba sikujua sentensi yaishia wapi. Nilikuwa nimepanga vishazi huru vya Kiingereza kwa mkato mmoja mmoja kama nipangavyo vitenzi vya -ka-. Maandishi rasmi ya Kiingereza huhesabu jambo hilo kuwa kosa: vishazi viwili huru hudai kiunganishi, nukta-mkato au nukta. Nilijua Kiingereza tangu utotoni, wala hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba tatizo langu lilikuwa kiambishi cha Kiswahili.

Tuje kwenye kishazi cha urejeshi. Mwingereza husema "the man who came yesterday", nasi "mtu aliyekuja jana". Katika Kiingereza mipaka ya kishazi tegemezi yaonekana kwa macho: chaanza na "who". Katika Kiswahili utegemezi umefichwa ndani ya kitenzi, katika silabi -ye-. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta "neno linaloleta kishazi tegemezi" hulikosa, akaandika kwamba "Mtu aliyekuja jana ameondoka" ni sentensi sahili. Akiandikiwa "Mtu ambaye alikuja jana ameondoka", papo hapo hutambua kuwa ni changamano. Maana ni moja. Tofauti ni kwamba "ambaye" lafanana na "who" kwa kusimama peke yake. Tumemfundisha kutambua Kiingereza kilichovaa nguo za Kiswahili.

Na hili lanikumbusha sentensi shurtia, ambayo vitabu kadhaa vya Tanzania huiweka kuwa aina ya nne kando ya zile tatu. Mkenya aliyesoma vitabu vya kwetu hushangaa. Kwa mizani ya Kiingereza, "If he came, I would help him" ni changamano tu. "If" ni kiunganishi kama "when" na "because". Kuitenga kwa sababu ya maana ya sharti ni kuchanganya vigezo viwili, muundo na maana, na kwa hilo nawalaumu kidogo jirani zetu. Lakini kidogo tu. Tazama "Angekuja ningemsaidia". Hakuna kiunganishi, na vitenzi vyote viwili vina -nge- ile ile. Kipi ni kikuu, kipi ni tegemezi? Umbo halisemi. Waliokiona kipengele hiki wakakipa jina walikuwa wakitazama Kiswahili, sio kivuli cha lugha nyingine, ingawa pahala walipokiweka sipo.

Aina kwa umbo na kwa kazi

Mgawanyo wa pili hauhusu idadi ya vishazi bali jinsi kishazi kinavyoelekezwa kwa msikilizaji: taarifa, swali, amri na mshangao. Sarufi ya Quirk na wenzake ya mwaka 1972 ilitumia majina hayo manne kwa umbo na kwa kazi bila kuyatenga. Katika toleo lao kubwa zaidi la mwaka 1985 waliyatenga, wakaweka seti moja ya majina kwa umbo la sentensi na seti nyingine kwa kazi yake katika mazungumzo. Mwaka 2002 Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum wakalipasua swali mara mbili, lile la kujibiwa ndiyo au siyo na lile la "who" na "what", kwa hiyo aina zao ni tano. Pia walisisitiza kwamba aina hizi ni za kishazi, si za sentensi nzima, jambo ambalo ni kweli: "Come in and tell me who sent you" yaanza kwa amri na ndani yake mna swali lililomezwa.

Umbo la swali la Kiingereza lina historia yake. Leo "You know him" hugeuka "Do you know him?", na hilo "do" halina maana yoyote; limeletwa ili pawe na kitu cha kutangulizwa mbele ya kiima. Wakati wa Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, mtu aliweza pia kukitanguliza kitenzi chenyewe, na miundo yote miwili ilisikika. Baadaye "do" ikashinda. Swali la "who" na "what" hudai zaidi: neno la kuulizia huhamishwa mwanzoni. Kiswahili hakihamishi. "Unamtaka nani?" imeliacha "nani" pale pale ambapo jina la mtu lingekaa, na "Unamjua?" hutofautiana na taarifa kwa wimbo wa sauti tu. Mwanafunzi wetu asemaye "You want who?" hakubuni muundo usiokuwapo, Waingereza wanao, ila wao huutumia wanapotaka kurudiwa jambo walilosikia vibaya au wasiloliamini.

Mshangao hupuuzwa mno, na hali waonyesha vizuri tofauti ya umbo. "How tall is he?" ni swali. "How tall he is!" ni mshangao. Maneno ni manne, yale yale, na kilichobadilika ni mpangilio wa mawili ya mwisho. Kiswahili hapa hutumia urejeshi: "Mtoto huyu alivyo mrefu!" Kwa umbo hiki ni kishazi tegemezi kisicho na kikuu chake, na hakuna anayekilalamikia.

Amri ya Kiingereza ndiyo sentensi inayoruhusiwa kukosa kiima, na haibainishi kama aambiwaye ni mmoja au ni wengi. Sisi tuna "njoo" na "njooni", tena tuna "uje" kwa adabu. Kwa kuwa Kiingereza hakina ngazi hiyo ndani ya kitenzi, adabu yake hukimbilia kwenye umbo la swali. "Could you open the window?" kwa umbo ni swali la uwezo, kwa kazi ni ombi. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na ambayo ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alifungua mlango wa kuyachunguza mambo haya: mtu asemapo, hutenda. Mimi nililijua kwa aibu kabla ya kulijua kwa kitabu. Katika semina yangu ya kwanza mwalimu aliniambia, "Would you like to begin?" Nikadhani nimepewa hiari. Nikamshukuru, nikasema ningependelea kuwasikiliza wenzangu kwanza. Chumba kikanyamaza. Lilikuwa agizo, na kila mtu alilisikia kuwa agizo isipokuwa mimi.

Limebaki swali lenye ukanusho, na hapa madhara hayaishii katika aibu. Muulize Mswahili, "Hukumpiga?" Akijibu "Ndiyo", aghalabu maana yake ni kwamba usemi wako ni sahihi: hakumpiga. Mwingereza akiulizwa "Didn't you hit him?" naye akajibu "Yes", maana yake ni kwamba alimpiga. Jibu la Kiswahili hulitazama umbo la sentensi ya muulizaji na kulikubali au kulikataa. Jibu la Kiingereza hulitazama tendo lenyewe, likatukia au halikutukia. Mahakama zetu za chini huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na mara nyingi mkalimani husimama katikati ya wakili na shahidi. Wakili auliza kwa Kiingereza, mkalimani ageuza, shahidi asema "Ndiyo", mkalimani asema "Yes", na karani aandika. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na kilichoandikwa ni kinyume cha kilichosemwa. Mkalimani anayeijua tofauti hii hakitafsiri kijineno hicho peke yake. Humwomba shahidi ajibu kwa sentensi nzima, "Sikumpiga", na hiyo ndiyo huigeuza: "I did not hit him".